Kioo cha mbele na waipa kabla ya safari ndefu ya mvua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mvua zikikaribia, maswali ni yale yale. Mengi huanza na neno "waipa", na mengi huishia kwenye kioo. Waipa ni mfagio tu: sakafu ikiwa na grisi, mfagio utaisambaza grisi. Ndiyo maana majibu yameanza na kioo, waipa zikafuata. Ukiwa na haraka kwa sababu safari ni kesho, soma swali la 1, la 5 na la 11, mengine utayakuta ukirudi.

## Kioo kwanza

1. Waipa zinaacha michirizi. Ninunue mpya?

Bado. Kwanza osha kioo, kisha futa mpira wa waipa kwa kitambaa kilicholowa maji ya sabuni, halafu zijaribu tena. Kioo cha gari linalosafiri hubeba moshi wa dizeli, mabaki ya wadudu, utomvu wa miti na nta iliyomo kwenye baadhi ya sabuni za kuoshea magari. Mvua ikigusa mchanganyiko huo, waipa huugeuza ukungu wa mafuta unaofuata kila mpigo.

Unapofuta mpira, unyanyue mkono wa waipa, kunja kitambaa kwa vidole viwili na kipitishe taratibu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Kitatoka cheusi, usishtuke. Rudia mara mbili tatu, basi. Mipira mingi mipya hupakwa unga mweusi wa grafiti ili iteleze, na ukisugua mpaka kitambaa kitoke cheupe utakuwa umeuondoa. Michirizi ikiendelea baada ya hapo, nenda swali la 5.

2. Nitajuaje kama kioo ni kisafi kweli, maana kwa macho naona kinang'aa?

Kung'aa si ushahidi. Kimwagie maji safi na uangalie yanavyoshuka. Kwenye kioo kisafi maji hutandaa kama shuka, na kwenye kioo chenye mafuta hujikusanya vipande vipande na kuacha visiwa vikavu. (Kama kioo kimepakwa dawa ya kutelezesha maji, kipimo hiki hakifai, kwa sababu matone yatajikusanya kwa makusudi. Tazama swali la 16.)

Kipimo cha pili ni cha mkono. Kioo kikishaoshwa na kukauka, vaa mfuko laini wa plastiki mkononi kama glovu, upapase kioo polepole. Utahisi vichembe ambavyo kidole kitupu hakivioni: lami, utomvu, vumbi la chuma kutoka kwenye breki. Kila kichembe ni jiwe dogo ambalo mpira wa waipa hulipanda na kulishuka maelfu ya mara njiani.

3. Nikioshe na nini?

Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kidogo tu kwenye ndoo, huondoa mafuta mengi. Suuza vizuri, kisha pitia kwa kitambaa safi chenye spiriti ya kusafishia, ambayo hukausha haraka na kubeba mabaki ya mwisho. Tumia vitambaa viwili, kimoja cha kuosha na kimoja cha kukaushia. Wenye kitambaa kimoja huhamisha uchafu, hawauondoi.

Utomvu na lami iliyoganda hutolewa na udongo laini maalum wa kusafishia magari, unaotelezeshwa juu ya kioo kilicholowa. Madoa meupe ya maji ya chumvi mara nyingi hulainika kwa siki iliyochanganywa na maji. Yaliyozama kabisa huhitaji kung'arishwa na fundi mwenye dawa ya vioo. Sabuni ya unga iache, kwa kuwa punje zake zisipoyeyuka hukwaruza.

Dizeli na mafuta ya taa ndiyo tabia mbaya kuliko zote. Kioo hupendeza kwa dakika tano. Usiku, taa ya gari linalokuja ikigonga utando ule wa mafuta, mbele yako panakuwa kama pametandikwa shashi, na mpira wa waipa nao hufura na kulegea.

4. Ndani ya kioo nako kuna haja?

Kuna haja kuliko watu wanavyofikiri. Plastiki ya dashibodi ikipashwa na jua hutoa mvuke unaoganda kwenye kioo kama utando mwembamba wa kijivu. Ongeza pumzi, moshi wa sigara kama yupo mvutaji, na alama za vidole. Utando huo ndio unaotawanya mwanga usiku na ndio unyevu hushikia kirahisi.

Safisha ndani kwa spiriti au dawa ya vioo, ukipulizia kitambaa badala ya kioo ili dashibodi isiloe. Ujanja mmoja mdogo: ndani futa kwa kwenda kulia na kushoto, nje futa kwa kwenda juu na chini. Mistari ikibaki, mwelekeo wake utakwambia iko upande gani. Kama vioo vyako vina filamu ya kupunguza jua, epuka dawa zenye amonia kwa sababu huiharibu.

## Waipa zenyewe

5. Nitajuaje kwamba waipa imekwisha?

Isikilize na usome alama zake. Mstari mmoja mwembamba unaojirudia mahali pale pale ni mpira uliochanika au wenye kichembe kilichonasa. Eneo pana lisilofutwa, hasa katikati au pembeni, ni mgandamizo hafifu: fremu imepinda au springi ya mkono imechoka. Kurukaruka na kuacha alama kama ngazi ni mpira uliokauka, au mkono uliojipinda (swali la 9). Mlio wa "kwiii" kwenye kioo kilicholowa vizuri mara nyingi ni mpira mgumu au kioo chenye nta.

Kisha tumia macho. Nyanyua mkono, uukunje mdomo wa mpira kwa kidole. Unapaswa kulala na kurudi wenyewe. Ukiwa umelala upande mmoja na haurudi, una nyufa ndogo, au ukingo wake umekuwa mviringo badala ya kuwa na kona kali, umekwisha.

6. Zinadumu muda gani?

Ushauri wa kawaida ni kubadilisha kila baada ya miezi 6 hadi 12. Lakini kalenda haisemi yote. Jua na joto huumaliza mpira kuliko mvua, kwa hiyo gari linalolala juani hupoteza waipa ambazo hazijafanya kazi yoyote. Waipa hufa wakati wa jua, taarifa za msiba huja na mvua. Zikague wiki mbili kabla ya safari, si asubuhi ya safari.

7. Nichague zipi?

Pima urefu wa zile za zamani, kwa inchi au milimita, au soma kitabu cha gari. Usidhani pande zote zinalingana: magari mengi hutumia ndefu upande wa dereva na fupi upande wa abiria. Ndefu kupita kiasi itagongana na mwenzake au kupiga fremu ya kioo, na fupi itakunyima sehemu ya kuona.

Angalia pia jinsi zinavyoshikwa. Ndoano yenye umbo la U ndiyo iliyozoeleka, lakini baadhi ya magari hutumia pini ya pembeni au kibano cha kubonyeza. Nenda dukani na ya zamani mkononi.

Kuhusu aina: zenye fremu ya chuma na viungo ni rahisi, ila viungo hushika kutu na uchafu. Bapa, zisizo na viungo, hugandamiza sawasawa na hazipeperushwi sana na upepo kwenye mwendo mkubwa. Kwa safari ndefu ningechukua bapa, ilimradi mpindo wake ulingane na wa kioo. Kwenye kioo kilichopinda sana, bapa ya bei rahisi huacha ncha zikielea hewani.

8. Naweza kubadilisha mwenyewe?

Ndiyo, ni kazi ya dakika kumi. Kunjua taulo nene juu ya kioo kabla ya kugusa chochote. Nyanyua mkono mpaka usimame wenyewe, geuza waipa ikae kama herufi T, bonyeza kilimi kidogo kilicho kwenye ndoano, kisha isukume kuelekea chini ya mkono mpaka itoke. Mpya inaingia kwa njia hiyo hiyo kinyume, mpaka usikie "tak". Ukiwa hujasikia tak, bado.

Taulo si mapambo. Mkono usio na waipa ni chuma kitupu chenye springi. Mimi niliwahi kuugusa kwa kiwiko nikigeuka kuchukua waipa mpya, ukaanguka, na ufa ukatembea kutoka chini hadi usawa wa kioo cha kutazamia nyuma huku nikiuangalia. Waipa mbili zikawa zimenigharimu kioo kizima.

Kwenye magari ambayo waipa hujificha chini ya boneti, mikono hainyanyuki mpaka uziweke kwenye nafasi ya matengenezo. Mengi hufanya hivyo ukizima gari kisha kubonyeza leva ya waipa mara moja au kuishikilia. Kitabu cha gari kitasema. Kuilazimisha mikono hiyo hukwaruza boneti.

9. Nimeweka mpya, bado zinatetemeka. Nimeuziwa feki?

Huenda, lakini kwanza rudia swali la 1 na la 2, kwa sababu nta kwenye kioo hutetemesha hata waipa bora. Baada ya hapo shuku mkono. Mpira unapaswa kusimama wima dhidi ya kioo ili ulale kulia unapokwenda kushoto, na kushoto unapokwenda kulia. Mkono uliojipinda kidogo huufanya mpira ulale vizuri upande mmoja na kuusukuma upande wa pili. Ukisikia kelele mwelekeo mmoja tu, hapo ndipo penye tatizo. Fundi huunyoosha taratibu, nyuzi chache tu. Usiujaribu ukiwa juu ya kioo.

10. Naweza kuunoa mpira kwa msasa, au kuupaka mafuta?

Hapana kwa vyote viwili. Msasa huondoa ukingo mkali ambao ndio kazi yote ya waipa, na mafuta yana hadithi ya swali la 3.

## Maji ya waipa

11. Nijaze nini kwenye tangi?

Maji safi yaliyochanganywa na dawa ya kuoshea vioo vya gari, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Maji matupu yanasukuma vumbi, lakini hayakati mafuta ya barabarani, na yakikaa muda mrefu huota utelezi na bakteria. Kukosa dawa kabisa, matone machache ya sabuni ya maji yatakufikisha. Ukizidisha, povu litakuziba macho kwenye mwendo wa kasi. Maji ya chumvi huziba matundu, kwa hiyo yaliyochujwa au ya mvua ni bora.

Hakikisha tangi ni lenyewe. Mfuniko wake una mchoro wa kioo chenye maji yanayoruka. La jirani mara nyingi ni la maji ya kupozea injini, na hilo halifunguliwi injini ikiwa ya moto. Wapo waliotia sabuni kwenye mfumo wa kupozea kwa kuwahi tu.

Watu hujiuliza maji ya waipa ya nini ikiwa mvua yenyewe inanyesha. Yanahitajika zaidi mvua inapoanza na inapokatika, barabara ikiwa na tope na manyunyu hayatoshi kulisafisha. Lori moja mbele yako linaweza kumaliza nusu ya tangi.

12. Nabonyeza, maji hayatoki.

Sikiliza. Ukisikia mota ikinguruma, pampu ni nzima: tangi ni tupu, mpira wa kupitisha maji umechomoka, au matundu yameziba. Zibua kwa sindano nyembamba, ukiingiza taratibu, kisha utumie sindano hiyo hiyo kuelekeza mrusho ugonge katikati ya kioo. Usiposikia chochote, anza na fyuzi.

## Ukungu kwenye kioo

13. Mvua ikianza, kioo kinajaa ukungu ndani. Nifanyeje?

Unyevu wa pumzi na nguo zilizolowa umekutana na kioo cha baridi. Washa AC, elekeza hewa kwenye kioo cha mbele, ongeza joto, na uzime kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani ili iingie ya nje. Wengi hushangaa AC na joto kwa pamoja, lakini kazi ya AC hapa ni kukausha hewa, joto linafuata kupasha kioo. Gari lisilo na AC, fungua madirisha kidogo pande mbili tofauti.

Kufuta kwa kiganja kunakupa dakika moja ya kuona na mafuta ya ngozi yatakayorudi usiku kama mng'ao. Weka kitambaa kikavu karibu.

14. Nimefanya hayo yote, ukungu hauondoki kwa kitambaa.

Basi ukungu huo uko upande wa nje wa kioo. Kukiwa na joto na unyevu nje, AC iliyopozwa sana hukipoza kioo mpaka umande ugande upande wa nje, kama kwenye glasi ya maji baridi. Piga waipa mara moja na upunguze ubaridi, au elekeza hewa miguuni.

15. Ukungu unarudi kila siku hata mvua isiponyesha.

Kuna maji yanaishi ndani ya gari. Gusa mazulia, hasa chini yake. Angalia pia chini ya kioo, pale boneti inapokutana nacho: majani yakiziba mifereji ya hapo, maji hupita ndani na njiani hushambulia mota ya waipa. Kuyazoa majani hayo kwa mkono ni dakika tano.

Ukungu ukiwa unanata, wenye harufu tamutamu, na maji ya kupozea injini yanapungua, kifaa cha kupashia joto ndani ya gari kinavuja. Hilo ni la fundi kabla ya safari.

## Dawa ya kutelezesha maji

16. Inafaa kweli, au ni biashara?

Inafaa, kwa masharti. Hufanya matone yajikusanye na kupeperushwa na upepo, na nguvu yake huonekana zaidi ukipita mwendo wa kilomita 60 hadi 80 kwa saa. Mjini kwenye foleni, matone hukaa tu yakikutazama. Ikipakwa juu ya uchafu au isipofutwa ikakauka vizuri, waipa hutetemeka na huacha ukungu wa sekunde moja nyuma ya kila mpigo. Ikague kila baada ya wiki chache: matone yakianza kutandaa, imekwisha.

Ushauri wangu: kama hujawahi kuitumia, usiipake usiku wa kuamkia safari. Ipake wiki moja kabla, uijue tabia yake.

## Nyufa na vioo vipya

17. Kuna jeraha dogo la jiwe. Nisafiri nalo?

Kioo cha mbele ni vioo viwili vyenye utando wa plastiki katikati. Wazo hilo linatajwa kuanzia kwa mkemia Mfaransa Édouard Bénédictus, aliyeona chupa ya maabara ikianguka na kupasuka bila kutawanyika, kwa sababu ndani ilibaki na utando wa dawa iliyokauka. Hataza yake (haki ya kisheria ya mvumbuzi) ni ya mwaka 1909. Ndiyo maana ufa haukuangukii, lakini unatembea.

Jeraha dogo kuliko sarafu, lisilo mbele ya macho ya dereva wala ukingoni mwa kioo, kwa kawaida huzibwa kwa gundi maalum. Lizibwe kabla ya mvua, maana maji na tope vikishaingia ndani ziba yake haitakuwa safi. Mpaka umfikie fundi, lifunike kwa selotepu angavu. Usimwagie kioo cha moto maji ya baridi, wala kupuliza AC kali kwenye kioo kilichoungua na jua. Jeraha likishafikia ukingo au likiwa mbele ya macho yako, badilisha kioo.

18. Nimebadilishiwa kioo, sasa gari linalalamika kwenye dashibodi.

Magari yenye kamera nyuma ya kioo, zile za kufuata mistari ya barabara au kufunga breki zenyewe, huhitaji kamera kupimwa upya baada ya kioo kubadilishwa. Uliza hilo kabla ya kulipa.

## Njiani

19. Waipa imekufa katikati ya mvua. Nifanye nini?

Punguza mwendo taratibu, washa taa, utoke barabarani kabisa. Kwa kilomita 80 kwa saa gari hupita zaidi ya mita 22 kila sekunde, kwa hiyo "nitasogea kidogo tu" ni umbali mrefu bila macho. Dawa ya kutelezesha maji si ruhusa ya kuendelea.

Zikiwa zimekufa zote mbili, kagua fyuzi. Ukisikia mota inazunguka lakini mkono haujongei, fungua kifuniko kwenye shina lake: nati hulegea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Zima waipa zirudi mahali pake, panga mkono ulingane na mwenzake, kaza kwa spana. Kama ni mpira wa dereva uliochanika, jaribu kuhamisha wa abiria ikiwa ndoano zinafanana. Ikiwa mfupi, utaona kidogo, lakini utaona unakokwenda. Mkono wa abiria uliobaki mtupu usiuache ukwaruze kioo: ufunge kitambaa kizito.

20. Lori linanirushia maji na sioni kitu.

Weka waipa kwenye kasi ya juu kabla ya kulifikia, si baada. Na uamue: kupita kwa hakika au kurudi nyuma mpaka matairi yake yasikufikie. Sehemu mbaya kuliko zote ni katikati, unapoganda nyuma yake ukisubiri nafasi huku kioo kikipakwa tope.

21. Usiku taa zinapasuka kuwa nyota. Nina kioo kisafi na waipa mpya.

Kaa ndani ya gari lililosimama, taa ya mbali ikikujia kwa mbele, uangalie kioo chenyewe badala ya barabara. Ukiona maelfu ya vitone vidogo, ni mchanga wa miaka mingi ya mwendo. Ukiona tao za mikwaruzo zinazofuata njia ya waipa, ni mpira uliowahi kuachwa mpaka chuma kikagusa kioo. Vitone haviondolewi kwa kuosha, na kung'arisha sana hupinda picha. Kioo hicho kimemaliza kazi.

22. Waipa zangu zinajiwasha zenyewe. Nizizime?

Unapoingia kuosha gari na unapofuta kioo kwa mkono, ndiyo, zisije zikakupiga vidole. Barabarani ziache. Sensa yake, yaani kihisi cha mvua, iko nyuma ya kioo cha kutazamia, na uchafu au dawa iliyopakwa vibaya mbele yake huifanya ikurupuke au ilale. Kama gari lako lina kasi ya kusitasita tu (waipa hupiga, hutulia kidogo, kisha hupiga tena), nayo si haba: Mary Anderson wa Alabama, Marekani, alipewa hataza ya waipa mwaka 1903, na ilikuwa ya kuvuta kwa mkono. Za kusitasita Robert Kearns aliziombea hataza mwaka 1964.

23. Na waipa ya nyuma?

Hufanya kazi mara chache, kwa hiyo mpira wake hukaukia hapo hapo na hakuna anayejua. Ikague pamoja na za mbele. Ukisahau, utakumbushwa siku unaporudi nyuma kwenye mvua.